Msizileminishe Barua za Marehemu

Swali ni lile lile, hubadilika jina la marehemu tu. Mtoto wa mwalimu mstaafu, mjukuu wa mshairi aliyekuwa akitokea magazetini, mjane wa katekista wa Mvumi: kila mmoja huja na bahasha ya kaki kwapani na kuuliza, "Mtaalamu, hizi karatasi tukazileminishe kwanza ndiyo tukuletee, au?" Wengine hata hawaulizi. Huja nazo zimeshang'aa ndani ya plastiki, pembe zimekatwa mviringo, wakanikabidhi kwa furaha ya mtu aliyetimiza wajibu kwa wazazi wake. Hao ndio wanaoniumiza zaidi. Nia ilikuwa njema, fedha imetumika, na uharibifu hauna kurudi nyuma.

Nimelijibu ofisini, nimelijibu kwenye simu, nimelijibu hata msibani huku watu wakisubiri chakula. Sasa nalijibu kwa maandishi ili anayetaka akate ukurasa huu ampelekee shemeji yake. Hapana. Usileminishe. Wala ukurasa mmoja, wala ule mnaouita "muhimu kuliko yote", wala bahasha, wala picha iliyokuwa ndani ya bahasha.

Cheti chako cha kidato cha nne ni habari nyingine. Ukikiharibu, aliyekitoa bado ana rekodi yake. Barua ambayo babu yako aliandikiwa na rafiki yake mwaka 1958 haina rekodi popote. Ipo hiyo moja. Na ninaposema karatasi za mwandishi simaanishi tu mtu aliyetoa kitabu kikauzwa. Namaanisha daftari la mashairi la mtu aliyelumbana na wenzake gazetini, nakala za kaboni za barua alizotuma, barua ya mhariri iliyomkatalia mswada, hesabu za mirabaha, rasimu zilizojaa mistari iliyofutwa na kuandikwa upya. Zile zilizofutwa futwa ndizo tunazozitafuta zaidi, na ndizo familia huzitupa kwanza kwa sababu "ni chafu".

Watu wa Dodoma hatuna kisingizio cha kutojua thamani ya vitu hivi, maana mfano tunao nyumbani. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917 karibu na mji huu, alikuwa mwanasheria, mwenyekiti wa chama cha washairi cha UKUTA, na mwandishi aliyegusa tanzu nyingi kuliko watu wanavyokumbuka. Mwaka 1954 alitoa kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo. Mwaka 1961 akatoa hadithi, Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili. Mwaka 1963 ikafuata Diwani ya Mnyampala. Alifariki mwaka 1969. Lakini Ngonjera za UKUTA, kitabu kilichompa jina mashuleni, kilitoka mwaka 1970, na cha pili mwaka 1971. Mwandishi alikuwa kaburini tayari. Kilichofanya kazi badala yake ni karatasi alizoziacha.

Wala hazikuishia hapo. Miswada yake mingine ilibaki mikononi mwa familia kwa miongo kadhaa, na ndiyo iliyomwezesha mtafiti Mfaransa, Mathieu Roy, kuandika utafiti wake wa udaktari juu ya ushairi wa Mnyampala na ujenzi wa taifa. Tawasifu yake, Maisha ni Kugharimia, ilichapishwa zaidi ya miaka 40 baada ya kifo chake. Yaani kuna Mnyampala tunayemjua kwa vitabu alivyovishika mkononi, na kuna Mnyampala tunayemjua kwa sababu ndugu zake hawakuchoma wala kutupa. Huyo wa pili ni nusu ya mtu mzima.

Shaaban Robert naye tusingemjua tunavyomjua bila mdogo wake, Yusuf Ulenge, aliyepokea barua zake kuanzia mwaka 1931 hadi 1958. Barua hizo zilihaririwa na Profesa Mulokozi na kuchapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) mwaka 2002. Na Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akaja kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na haikuchapishwa hadi mwaka 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Miaka 35 riwaya kubwa namna ile iliishi ikiwa mswada. Karatasi zilizofika huko hazikufikishwa na plastiki. Zilifikishwa na mtu aliyeziweka pakavu na kuwakataza watoto kuzichezea.

Sasa tuingie kwenye hiyo plastiki.

Mfuko wa leminesheni una tabaka mbili. Nje ni plastiki ngumu inayong'aa. Ndani, upande unaogusa barua yako, ni gundi. Fundi akipitisha mfuko kwenye mashine, joto hupanda kupita nyuzi 100 za Selsiasi, gundi inayeyuka, roli zinaibana ipenye kwenye nyuzi nyuzi za karatasi, kisha inapoa na kuganda humo humo. Tangu dakika hiyo barua si kitu kilichowekwa ndani ya plastiki. Barua na plastiki ni kitu kimoja. Kuvitenganisha kunahitaji kemikali ambazo, kabla hazijaigusa gundi, zimeshayeyusha wino wa bairo. Watu huniambia, "Lakini wewe ni mtaalamu, utaitoa." Siitoi. Hakuna anayeitoa bila kupoteza sehemu ya barua.

Jambo la pili ni asidi. Karatasi nyingi za viwandani za karne iliyopita, zile za kuandikia barua, za taipureta na za stensili, zilitengenezwa kwa mbao zilizosagwa na kutiwa dawa zenye asidi ili wino usitawanyike. Rangi ya kahawia unayoiona kwenye barua za zamani ndiyo asidi hiyo ikifanya kazi. Karatasi iliyo wazi ndani ya bahasha safi angalau hupumua, na mvuke wa asidi hupata pa kutokea. Ukiifunga pande zote umeifungia na sumu yake. Itaendelea kuwa kahawia, itaendelea kukatika ndani kwa ndani, na wewe utaendelea kuitazama iking'aa ukidhani iko salama. Kilichobaki imara ni plastiki.

Jambo la tatu ni joto lenyewe. Wino wa bairo una mafuta. Joto na gundi huulainisha, na baada ya miaka maandishi hutanda kama yaliyolowa. Picha za zamani zimepakwa jelatini juu, na jelatini ikipata moto na mgandamizo hulainika na kunata. Karatasi za faksi, ambazo maofisa wengi walizihifadhi miaka ya 1990, ni karatasi zinazoandikwa kwa joto. Ukiipitisha faksi kwenye mashine ya leminesheni inatoka nyeusi yote. Hakuna herufi hata moja itakayosomeka, na hakuna wa kuirudisha.

Halafu kuna yale ambayo fundi huyafanya kabla ya mashine, na haya ndiyo huniondolea uvumilivu. Barua ni ndefu kuliko mfuko, basi anaikata ukingo. Imekunjwa mara tatu, basi anainyoosha kwa pasi. Imechanika, basi anaiunganisha kwa selotepu, ambayo ni gundi nyingine mbaya juu ya ile ya kwanza. Bahasha haitakiwi, inatupwa. Na bahasha ndiyo yenye muhuri wa posta: mji, siku, mwezi, mwaka. Watu wa zamani waliandika barua nyingi bila tarehe, au waliandika "Jumanne" tu, kwa kuwa mpokeaji aliijua Jumanne hiyo. Mtafiti atakayekuja hataijua. Bila bahasha, hiyo ni barua isiyo na mwaka.

Mtafiti huyo huyo pia huishika karatasi kwenye mwanga atazame alama ya maji ya kiwandani. Huilaza ubavuni chini ya taa aone kalamu ilipokandamiza, akajua mwandishi alifuta nini kwanza na nini baadaye. Hulinganisha herufi ya taipureta iliyopinda kwenye barua hii na ile. Plastiki inayorudisha mwanga usoni mwake humnyima vyote hivyo, na akitaka kuthibitisha kwamba mswada ni halisi, umeshamwondolea ushahidi.

Wapo wanaonijibu kwamba wazungu wenyewe walileminisha nyaraka zao. Ni kweli, na walijuta. Kuanzia miaka ya 1930 huko Virginia, Marekani, William Barrow alitengeneza njia ya kubana nyaraka kati ya karatasi za asetati ya selulosi kwa joto kali. Njia ile ilisifiwa, maktaba na nyumba za nyaraka za Marekani zikaipokea kwa miongo kadhaa, na kumbukumbu nyingi mno zikapitishwa humo. Asetati ile ikaanza kuoza. Inapooza hutoa asidi ile ile iliyo kwenye siki, inajikunja, inajiachia vipande vipande. Wahifadhi wa leo huko Marekani huzilaza nyaraka hizo ukurasa kwa ukurasa kwenye bafu za asetoni ili kuziokoa na msaada ule. Kuanzia miaka ya 1970 wengi walihamia kwenye njia nyingine: karatasi inalazwa kati ya shiti mbili za poliesta, zinafungwa kingo tu, bila gundi wala moto kuigusa karatasi. Ukitaka kuitoa, unakata ukingo, inatoka kama ilivyoingia. Kanuni tunayoishika ni hiyo tu: usifanye lolote ambalo mwenzako wa kesho hawezi kulifungua.

Linganisha na karatasi za Toni Morrison, mwandishi wa riwaya wa Marekani. Desemba 1993, miezi michache baada ya kutangaziwa tuzo ya Nobel, nyumba yake kando ya mto Hudson iliungua, na sehemu ya karatasi zake ikaguswa na moto. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Princeton kilitangaza kwamba karatasi zake zimefika kwenye maktaba ya chuo hicho. Ukurasa ulioungua kingo unahifadhika: mhifadhi anauegemeza kwenye karatasi nyembamba ya Kijapani kwa gundi ya wanga, na wanga ule hutoka kwa maji siku ikihitajika. Kwangu mimi, nipe ukurasa ulioungua pembeni kuliko ulioleminishwa.

Na kwa wanaosikia kwamba kituo cha Harry Ransom cha Chuo Kikuu cha Texas kilinunua karatasi za mwandishi Gabriel García Márquez kwa dola milioni 2.2, kisha wakaniuliza bei ya karatasi za baba yao: hata mnunuzi tajiri kiasi hicho hununua rasimu zenye makosa, barua zenye bahasha, na mpangilio wa mwenyewe. Hanunui plastiki.

Hoja ya mwisho ya watetezi wa leminesheni ni hali ya hewa. "Huku kwetu vumbi na mchwa, lazima tuzifunge." Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo Dodoma inapojidharau bure. Adui mkubwa wa karatasi duniani ni unyevu. Tanga, Bagamoyo na Zanzibar, karatasi hupigana na koga mwaka mzima. Sisi tuko juu ya mita 1,100, tunapata takriban milimita 570 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na miezi mingine hewa ni kavu. Kwa karatasi, uwanda huu wa kati ni pazuri kuliko pwani yote. Familia ya Mpwapwa au Kondoa ina nafasi nzuri ya kuzihifadhi barua bila mashine yoyote, ikiziachia tu ukavu wa nchi yake.

Mchwa ni kweli. Lakini mchwa hutafuna hata gamba la plastiki la nyaya zilizofukiwa ardhini. Mfuko mwembamba wa leminesheni hautamzuia. Mchwa huzuiwa na umbali. Anapanda kutoka sakafuni kwa njia za udongo kwenye ukuta, anaingia sandukuni kwa chini, anakula katikati na kukuachia gamba la juu likiwa zima, hivi kwamba unaweza kulipita sanduku mwaka mzima usijue. Sanduku lisilogusa ardhi wala ukuta, na jicho linalolikagua kila mwezi, linatosha. Mafuta ya taa msimwagie, yanatia doa na kualika moto. Dawa za kupuliza msipulizie karatasi. Majani ya mwarobaini wekeni nje ya sanduku mkitaka, ndani yataacha unyevu na rangi. Nafutalini mnayoilaza juu ya barua itamdhuru anayezisoma.

Sasa fanyeni haya, na nayasema haraka kwa sababu hayana fumbo.

Osheni mikono, mkaushe. Msipange upya. Mpangilio wa marehemu, hata kama mnauona vurugu, unasema alikuwa akisoma nini pamoja na nini. Ukizipanga kwa tarehe umelifuta hilo. Ondoeni pini, vibanio vya chuma na mipira ya kufungia, maana chuma kinashika kutu na mpira unayeyuka. Kama pini imeshika kutu ikanasa, iacheni. Barua ibaki na bahasha yake. Zilizokunjwa na kukauka msizinyooshe kwa nguvu. Ziwekeni kwenye bahasha safi nyeupe, andikeni juu ya bahasha kwa penseli, kamwe si kwa bairo, kabla hamjaingiza kitu ndani. Tranka la bati ni zuri kuliko sanduku la mbao au boksi la sabuni: lisafisheni, tandikeni karatasi nyeupe, liwekeni juu ya stendi au matofali, mbali na ukuta, chumba cha katikati ya nyumba, si chini ya bati lenye jua la saa nane mchana. Zikilowa, msizianike juani. Zitandazeni kivulini penye upepo, zilizogandana msizibandue.

Pigeni picha kwa simu: kivulini, bila flashi, mbele na nyuma, na bahasha mbele na nyuma. Faili zikae sehemu mbili tofauti, simu pekee haitoshi. Picha si mbadala wa karatasi, mkishapiga msitupe. Andikeni orodha, hata ya mistari 20, ya nini kimo.

Msigawane. Shangazi anachukua zenye mwandiko mzuri, baba mdogo anachukua zinazomtaja yeye, kaka mkubwa anachukua picha: mkusanyo umekufa. Anayetaka kumbukumbu apewe nakala. Na barua za aibu, za madeni na ugomvi, msizichome usiku wa arobaini. Zinaweza kufungiwa kwa miaka mtakayokubaliana, na nyumba ya nyaraka inayojiheshimu italishika sharti hilo.

Mkikuta jalada lenye namba ya masjala ndani ya tranka, kwa kuwa babu alikuwa karani wa boma au alifanya kazi wizarani, hilo si la familia. Ni kumbukumbu ya umma, chini ya sheria ya mwaka 2002 ya usimamizi wa kumbukumbu na nyaraka. Litengeni, mwaarifu Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo ina kituo hapa hapa Dodoma. Karatasi binafsi ni zenu, na hakuna wa kuwanyang'anya. Kama mnaona nyumbani hapatoshi, zipo taasisi za kuzungumza nazo: Nyaraka za Taifa wenyewe, mkusanyo wa Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) kwa kazi za Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dodoma kwa walio karibu, au dayosisi kama marehemu alikuwa mtu wa kanisa. Waandishi wa Kongwa waliokaa jirani na kambi za wapigania uhuru miaka ya 1960, na familia zao, naomba waje mapema. Barua ya kawaida ya kukopeshana mahindi inaweza kuwa na jina ambalo historia ya kusini mwa Afrika inalitafuta.

Msitoe kitu kwa mdomo. Hati iandikwe: mnatoa au mnaazima, nani ataruhusiwa kusoma, lipi limefungwa hadi mwaka gani, nani ana haki ya kuchapisha. Hili la mwisho huwachanganya wengi. Karatasi ya barua ni mali ya aliyeipokea, lakini maneno yaliyomo ni ya aliyeandika na warithi wake, na kwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 haki hiyo hudumu miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo familia inaweza kuwa na barua 100 za rafiki wa baba na isiwe na ruhusa ya kuchapisha hata moja, na inaweza kuwa na haki juu ya barua za baba zilizo kwenye tranka la watu wengine Singida. Waandikieni hao watu sasa, wazee wao wakiwa hai, na muwaombe wasizipeleke kwa fundi wa leminesheni. Hati isainiwe kabla sanduku halijatoka nyumbani, nakala moja ibaki kwa familia pamoja na ile orodha.